Mawe Juu ya Bati Letu

Harufu ya tofali bichi likilowa maji ni harufu ambayo watu wengi wanaipenda. Nawasikia hapa Uyole kila mvua inapoanza kushuka, wanatoka barazani, wanavuta pumzi, wanasema ah, udongo unanukia. Mimi naingia ndani nafunga dirisha. Nyumba yangu nimeijenga kwa matofali ya kuchoma, msingi wa mawe umezama ardhini mpaka kiunoni, na bati limepigwa misumari mingi hata fundi akachoka akaniuliza, "Mama, hii ni nyumba au unafunga upepo jela?" Nikamwambia apige misumari, maneno atayapiga siku nyingine. Watu wanasema Yustina ana majivuno ya nyumba. Sawa, ninayo. Niliishia darasa la nne, sikurithi kitu kwa mtu, na viazi vinavyopakiwa hapa sokoni kwenda Dar es Salaam vimepita mikononi mwangu kwa magunia ambayo hata sikumbuki idadi. Mtu akiniita mshamba namuuliza yeye amejenga wapi. Lakini hiyo harufu ya tofali bichi siwezi kushindana nayo. Ikinifikia tu, mimi si mama wa viazi tena. Ninakuwa mtoto wa miaka kumi, nimesimama nje kwenye tope, na kuna mtu ananiita kutoka ndani.

Kijiji chetu kilikuwa milimani juu ya Kalenga, mwendo wa saa moja kwa miguu, upande ambao ukisimama vizuri unauona mto Ruaha Mdogo ukipinda huko chini. Tulikuwa watu wanne nyumbani: baba, mama, mimi, na mdogo wangu Agripina tuliyemwita Pina, mtoto wa miaka mitano mwenye meno yaliyoachana na maswali yasiyoisha. Pina alinifuata kila nilikokwenda. Nikienda kuteka maji, yuko nyuma na kibuyu chake kidogo. Nikienda kuchuma mboga, yuko nyuma anauliza kwa nini mboga haziumii zikichumwa. Nilikuwa namfukuza kama kuku, naye alikuwa anarudi kama kuku. Mwaka huo baba alikuwa amejenga nyumba mpya. Kuta zilikuwa za matofali mabichi aliyoyafyatua mwenyewe kiangazi chote, lakini juu, badala ya nyasi, aliweka bati. Aliuza ng'ombe kupata bati hilo. Lilikuwa bati la kwanza mlimani kwetu, na asubuhi jua likilipiga, watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wanaliona. Baba alikuwa akisimama ng'ambo hiyo makusudi, anajifanya anafunga kamba ya kiatu, ili aliangalie.

Misumari ilikuwa adimu siku hizo, kwa hiyo kwetu bati likishaezekwa liliwekewa mawe. Si makubwa, mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtoto, machache, pembeni pembeni, ili upepo usiinue kingo. Kila mtu alijua hivyo, hata baba. Hilo nalisema mapema ili msije mkadhani tulikuwa wajinga.

Baba hakujua kusoma. Mama pia hakujua. Mimi nilikuwa darasa la nne, na nilikuwa nasoma vizuri kuliko wavulana, tena kwa sauti. Barua ikija mlimani, naitwa mimi. Karatasi ya dawa ya mifugo, naitwa mimi. Wazee walikuwa wananipa kigoda nikae, mimi mtoto wa kike, wenyewe wamesimama wananisikiliza. Ninyi mliozaliwa na vitabu hamuwezi kujua utamu wa kigoda kile. Nilikuwa nikimaliza kusoma barua ya mistari mitano natamani ingekuwa ishirini, na mara moja moja, barua ikiwa fupi mno, niliongeza salamu ambazo mwandishi hakuziandika. Nani angejua? Watu walifurahi. Nilidhani kuwafurahisha watu ndiyo kazi ya msomaji.

Duka lilikuwa moja tu, la mzee Gaudensi, karibu na njia panda. Aliuza chumvi, sukari, sabuni ya kipande na mafuta ya taa, na vitu vyake vyote alivifunga kwa magazeti makuukuu aliyoletewa kwa mafungu kutoka Iringa mjini. Siku moja, mvua zilikuwa zimeanza kisha zikasimama kama wiki mbili, joto limebana na kila mtu anaangalia mbinguni, mzee Gaudensi akakuta juu ya fungu gazeti jipya kabisa, halina hata kunyanzi moja. Akachana kurasa za ndani za kufungia, kama kawaida yake, ila ule wa mbele ulikuwa na herufi kubwa kama kiganja, akaona ni hasara. Akaubandika ukutani kwa uji wa unga, akatuma mtu aniite.

Nakumbuka nilivyofika, Pina nyuma yangu, watu wamejaa. Nikapewa kigoda nikikanyage ili nifike juu. Nikasoma, "Kimbunga chaja! Nchi hatarini!" Chini yake kulikuwa na picha ya nyumba isiyo na paa, na mti umelala. Chini ya picha kulikuwa na maneno madogo sana, "Habari kamili, ukurasa wa tatu." Hayo niliyaona. Niliyaona vizuri kabisa. Lakini sikuyasoma kwa sauti, kwa sababu ukurasa wa tatu haukuwepo, na mtu anayesema habari kamili iko mahali pengine anashuka kwenye kigoda mapema.

"Kimbunga ndiyo nini?" mtu akauliza. Neno lenyewe lilikuwa geni kwetu. Mzee Gaudensi, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, akasema ni upepo wa baharini unaozunguka kama jiwe la kusagia, ukipita kijijini haubakishi kitu. Aliyecheka ni mmoja tu, shangazi Koleta, dada yake baba, mjane aliyekuwa akigema ulanzi, pombe ya mwanzi, na kuuza, mwenye mdomo usiomwogopa hata padri. Alikuwa ameketi kwenye gunia la chumvi na kikombe chake cha mwanzi mkononi.

"Upepo wa baharini," akasema. "Haya. Utapandaje mlima Kitonga? Lori lenyewe linapanda linalia kama mwanamke mwenye uchungu. Huo upepo una magurudumu mangapi?"

Watu wakacheka sana. Mimi nikiwa juu ya kigoda nikaona kicheko kinahama kutoka kwangu kinakwenda kwake. Nikaugeukia ukuta, nikaweka kidole juu ya zile herufi ndogo, nikajifanya nasoma. Nikasema, "Limesema kitapanda mpaka bara. Limesema Jumamosi."

Kicheko kikakatika. Shangazi Koleta mwenyewe akaweka kikombe chini. "Limesema?" akaniuliza. "Ndiyo, shangazi. Gazeti limesema."

Hayo maneno mawili yalikuwa na nguvu ambayo sijaiona tena mahali popote. Siku iliyofuata watu walikuja wengine, kutoka vitongoji vya mbali, nikaitwa tena nikasoma tena, na kwa kuwa wa jana walikuwemo nao wanataka kipya, nikaongeza kwamba kinabeba mbuzi. Siku ya tatu nikaongeza kwamba kinaanza kwa kulia kama mti unaovunjika. Jioni hiyo Pina alinishika sketi njiani, akaniuliza sisi watoto tufanye nini kikifika. Macho yake yalikuwa makubwa. Mtu mwingine angemwambia mwanangu usiogope, nimetania. Mimi nilikuwa bado na ladha ya kigoda mdomoni. Nikamwambia, "Gazeti limesema watoto waingie uvunguni mwa kitanda wajikunje. Humo hakiwezi kuwapata. Usitoke mpaka nikuite." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akawa anakwenda mbele yangu anajisemesha mwenyewe, uvunguni, najikunja, sitoki.

Baba alifanya alivyofanya kwa sababu alimwamini mwanawe. Kwetu kazi kubwa haifanywi na mtu mmoja. Unaita watu, wanakuja, na ujira wao ni ulanzi. Ijumaa baba akaita watu kuja kuiokoa nyumba yenye bati. Wakaja wanaume kama ishirini, na wake zao, wakateremka mtoni kuchukua mawe. Siku hiyo hayakuwa mawe ya ukubwa wa kichwa cha mtoto. Yalikuwa mawe ya mtoni, meusi, ya kubebwa na watu wawili kwa machela. Baba alipanda juu akawa anapokea. "Leta lingine!" anasema. Watu chini wanaimba, ulanzi unazunguka, kila mmoja anataka jiwe lake liwe kubwa kuliko la mwenzake. Kuna mtu alisema, "Bwana, hili likikaa, huo upepo utakuta nyumba imeota mizizi!" Na kweli lilikaa. Miti ya paa ikalia kidogo, nikaisikia, nadhani kila mtu aliisikia, lakini nyimbo zilikuwa juu. Halafu wakachimba mfereji kuizunguka nyumba, chini kabisa ya ukuta, ili maji ya kimbunga yapite. Ilikuwa siku nzuri. Naona vibaya kuiandika hivyo, lakini ilikuwa nzuri. Mama alipika makande ya watu wote, Pina alikuwa anazunguka na kata ya maji anawanywesha wabeba mawe, na baba juu ya bati alikuwa na furaha ya mtu aliyezungukwa na ndugu zake.

Jumamosi tulikaa ndani tumefunga mlango. Jua likawaka mpaka likatua. Jumapili tukaenda misa, na baada ya misa shangazi Koleta alisimama mlangoni mwa kanisa akatangaza kama karani wa mnada, "Jamani, salamu kutoka barabarani! Kimbunga kimepasua tairi pale Kitonga, kinaomba jeki!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Baba alicheka pia, kidogo, halafu akaniangalia. Tukiwa njiani akaniuliza kwa upole, alikuwa mtu mpole, "Yustina mwanangu, basi tuyashushe yale mawe?"

Hilo swali nimeishi nalo zaidi ya miaka hamsini. Hakuniuliza mbele ya watu. Hakunikasirikia. Alinipa nafasi nyeupe kabisa ya kusema ndiyo baba, tuyashushe. Na mimi, kwa kuwa shangazi alikuwa amenicheka mlangoni mwa kanisa na wavulana wa darasani walikuwa wanaita "gazeti, gazeti" nyuma yangu, nikamjibu, "Gazeti limesema kinaweza kuchelewa."

Baba akaitikia kwa kichwa. Mawe yakabaki.

Jumatatu mvua ikaanza. Haikuwa na upepo. Ilikuwa mvua yetu ya kawaida ya milimani, nyembamba, ya ukungu, inayonyesha kama mtu asiye na haraka. Ikanyesha Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ule mfereji chini ya ukuta ukajaa, na kwa kuwa haukupewa njia nzuri ya kutokea, maji yakakaa humo, yakawa yananywewa na ukuta. Harufu ya tofali bichi ikaingia ndani ikakaa nasi kama mgeni. Tuliisikia tukila, tuliisikia tukilala. Mama alisema, "Hii nyumba inanuka kama kaburi," baba akamkemea kwa maneno hayo.

Alhamisi, alasiri. Baba alikuwa shambani anazibua maji kwenye mahindi. Mama alikuwa jikoni, kibanda cha nyasi hatua kumi kutoka nyumbani. Mimi na Pina tulikuwa ndani tunachambua maharage kwenye ungo. Ukuta wa upande wa mlima ukatoa sauti. Sijui niieleze vipi. Ilikuwa kama mti unaovunjika polepole. Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Tokeni! Tokeni nje!" Mimi nikauruka ungo, nikatoka mbio. Sikuangalia nyuma, kwa sababu Pina hakuwahi hata siku moja kutokuwa nyuma yangu.

Nilipogeuka uwanjani nilikuwa peke yangu. Nikasikia sauti yake ndani. Haikuwa ya kulia. Ilikuwa ya haraka, ya mtu anayekuonea huruma kwamba umekosea njia. Aliita, "Yustina! Njoo huku! Kimefika, njoo uvunguni!"

Ukuta ukaenda ndani, na paa na mawe yote yakafuata.

Sitaeleza zaidi. Watu walikuja, walewale waliobeba mawe kuyapandisha, wakayabeba kuyatoa. Hawakuimba. Shangazi Koleta alichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, na yeye ndiye aliyemfikia. Alikuwa amejikunja vizuri, kama nilivyomfundisha. Shangazi akamfunga kwa kitenge chake akamtoa, akanipita akanishika kichwa, hakusema kitu. Maisha yake yote hakusema. Mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mtu, juu ya jambo hilo hakuwahi kusema hata "niliwaambia."

Msibani watu huja na kitu mkononi. Mmoja unga, mwingine maharage, mwingine sukari. Siku ya pili baada ya mazishi nilikuwa jikoni na wanawake, nikapewa chumvi niimimine kwenye chungu. Ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya gazeti, kama chumvi yote ya mzee Gaudensi. Nikaimimina, nikaikunjua karatasi kwa mazoea tu, kwa sababu nilikuwa mtoto asiyeweza kuona herufi asizisome. Juu kwenye kona palikuwa na namba ya ukurasa, tatu. Nikasoma nikiwa nimechuchumaa karibu na moto. Yalikuwa maneno machache, ya kawaida, hayana picha. Yalisema upepo mkali ulitarajiwa baharini na visiwani, huenda ukagusa sehemu za pwani, wavuvi wasitoke. Mikoa ya bara isiwe na wasiwasi, itapata mvua zake za kawaida. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa habari kamili.

Baba alikuwa nje, ameketi chini na wanaume, shuka begani. Ningeweza kutoka nimsomee. Nikaiingiza karatasi motoni chini ya chungu, nikaisukuma kwa kijiti mpaka mwisho wake.

Baba aliyarudisha yale mawe mtoni. Yote, peke yake. Hakuita watu na hapakuwa na ulanzi. Mawe yaliyobebwa na watu wawili aliyaviringisha, mengine aliyafunga kamba akayaburuta, na ilimchukua mpaka mvua zikaisha. Hakuezeka tena bati maisha yake yote, alirudi kwenye nyasi. Mimi sikurudi shule. Mwalimu alikuja kuuliza, baba akasema mtoto ana huzuni, mwacheni. Sikukataa shule kwa huzuni peke yake. Sikutaka tena mtu anipe kigoda.

Nilipokuwa mkubwa niliondoka. Nilianzia Makambako kuuza viazi vya kuchemsha kwa abiria, nikaja Mbeya, nikaolewa, nikafiwa, nikabaki na magunia yangu, na nikasimama. Miaka mingi baadaye niliitwa Iringa, baba anaumwa. Alikuwa amekonda, mikono bado mikubwa. Akanishika akasema, "Yustina, yale mawe niliyapanga mimi." Nikasema, "Baba, pumzika." Akarudia, "Niliyapanga mimi kwa mikono yangu." Mdomo wangu ulifunguka. Naapa ulifunguka. Nesi akaingia kubadilisha dripu, na alipotoka, mdomo ulikuwa umefungwa. Alizikwa na mzigo ambao nusu yake, na zaidi ya nusu, ulikuwa wangu.

Kwa hiyo mtu asinifundishe mimi habari za upepo. Mwaka huu, mvua zilipokaribia, simu za watu hapa Uyole zilianza kupiga kelele. Kimbunga kinakuja. Mkwe wangu, mama Sekela, ambaye ni mtoto mzuri mwenye heshima ila simu haimtoki mkononi, alinijia mbio sebuleni. "Mama, ona. Kinakuja Mbeya. Wanasema hakijawahi kutokea." Akanionyesha. Kulikuwa na sauti nzito ya mwanamume, ngoma zinagonga nyuma yake, na mabati yanaruka hewani kama karatasi, na miti imelala.

"Hiyo ni miti gani?" nikamuuliza.

Akaangalia. "Minazi, mama."

"Mbeya kuna mnazi wapi?"

Nikamwambia aifungue ile habari mpaka chini, aisome hadi nukta ya mwisho. Akasema haifunguki mama, ni video tu, imetumwa na watu wengi. Ndiyo hivyo siku hizi. Zamani ukurasa wa tatu ulichanwa ukafungiwa chumvi. Siku hizi hauandikwi kabisa, au unaandikwa na hakuna mwenye muda wa kuufikia. Na mwenye ile sauti nzito namfahamu. Simjui jina, lakini namfahamu kama ninavyoujua uso wangu. Amesimama juu ya kigoda, watu wamemzunguka, hataki kushuka.

Msinielewe vibaya. Sisemi upepo ni uongo. Kuna watu wa pwani wamezika ndugu zao kwa upepo wa kweli, na watu wa hali ya hewa wakitoa onyo, mimi huwa nawasikiliza mpaka mwisho, wapi, lini, kiasi gani. Asubuhi hiyo hiyo nilitafuta taarifa yao nikaisikiliza mara mbili: bara, mvua kubwa kiasi. Nikavaa buti, nikaita vijana wa sokoni, tukazibua mtaro ulio mbali na ukuta, tukakata tawi la mkaratusi lililolalia nyaya, nikapanda ngazi mwenyewe na umri huu nikaangalia misumari. Juu ya bati langu hakuna jiwe hata moja, na halitakaa.

Niliporudi ndani, mjukuu wangu Sekela hakuwepo sebuleni. Ana miaka tisa, ni wa kwanza darasani, na alikuwa ameiona ile video akichungulia begani kwa mama yake. Nilimkuta chumbani kwangu amepiga magoti kando ya kitanda, anapapasa mbao kwa viganja, kutoka kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayetafuta mlango. Vitanda vyote vya nyumba hii nilivichongesha kwa fundi wa Iyunga, mbao zimeshuka mpaka sakafuni pande zote. Fundi alidhani nataka kuficha mali. Marehemu mume wangu alidhani ni majivuno yangu tu. Hakuna aliyewahi kuambiwa.

"Bibi," akasema, machozi yako karibu, "kitanda chako hakina uvungu."

"Ndiyo. Hakina."

"Sasa kikija nijifiche wapi?"

Magoti yangu ni mabovu, lakini nilishuka nikakaa naye sakafuni. Nje mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba ya ukungu, na kwa jirani anayejenga kuna rundo la matofali mabichi, kwa hiyo harufu iliingia. Safari hii sikuinuka kufunga dirisha. Nikamwambia, "Hujifichi, mwanangu. Ukuta ukilia unatoka nje, unakimbilia uwanjani, na unamshika mkono aliye karibu yako. Unamshika mkono kwanza, halafu ndiyo unakimbia."

Sekela ni mtoto wa siku hizi, haamini kitu bila kuuliza kimetoka wapi. Akafuta pua kwa mkono, akaniangalia. "Nani kasema, Bibi?"

Kwa muda nilisikia jibu la zamani likipanda lenyewe kooni, maneno mawili tu, mepesi, yenye nguvu zote zile. Nikayameza.

"Nimesema mimi," nikamwambia. "Mimi Yustina. Nilikuwa na mdogo wangu."